Mafiga ya Karai la Mama Tembo

Hapo zamani za kale, wakati nyuki walikuwa bado wanajifunza kuuma na nyoka alikuwa bado anaitafuta miguu yake, palikuwa na bonde moja lililoitwa Bonde la Miwa. Kaeni vizuri basi. Wewe unayemfinya mwenzako, nimekuona. Hadithi hii ina karai kubwa, ina mawe makubwa, na ina mnyama mmoja mdogo mwenye maneno mengi. Asiyetulia atakosa sukari mwishoni.

Katika bonde hilo wanyama wadogo walilima miwa. Miwa yenyewe ilikuwa mitamu, lakini ukishaikamua, maji yake hayamsubiri mtu. Asubuhi ni matamu, mchana yameanza kutoa povu, jioni yamechacha na hata nzi anayakunjia uso. Lazima uyachemshe siku hiyo hiyo mpaka yawe mazito, uyamimine, uyaache yagande yawe sukari guru. Na wadogo wale walikuwa na vyungu vya kupikia mboga tu. Wakachemsha kidogo, wakamwaga mengi.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Kwale. Mumewe alikuwa amefariki, vifaranga walikuwa wengi, na shamba lake lote lilikuwa miwa mitupu. Kila msimu alikamua, akachemsha kile chungu chake kimoja, kisha akasimama kuyatazama maji yaliyobaki yakimwagwa mchangani. Sisimizi walikuwa wanakuja kwa mstari, wanakunywa, wanarudi kwao wameshiba.

"Nawalimia sisimizi," alikuwa akisema. "Wao wananenepa, watoto wangu wanakonda."

Basi wadogo wakakaa, wakaongea, wakaunda ushirika. Wakauita Tusichoke. Wakamchagua Mama Kobe awe kiongozi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia jambo. Msicheke, ni sifa hiyo.

Mmoja wa wanachama alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia, anaishi juu kwenye Mlima wa Majabali, kwenye nyufa za mawe. Shamba lake lilikuwa dogo kama mkeka. Maneno yake yalikuwa mengi kama mvua ya masika.

Siku moja, wakati miwa imeanza kukomaa, akaja Korongo. Alitua katikati ya kijiji, paa! Akakunja mbawa zake, akanyoosha shingo.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bwana Korongo," akasema Mama Kobe. "Starehe. Kuna heri?"

"Ni heri tupu. Nimetumwa na Mama Tembo wa nchi ya juu. Amesikia habari za ushirika wenu. Anasema mmefanya vema kuungana kabla ya kuomba. Atawapa ruzuku."

"Ruzuku!" Wakapiga vigelegele, lilililili! Vifaranga wakarukaruka bila kujua wanarukia nini.

Bi Kwale akauliza polepole, "Hiyo ruzuku ni mkopo?"

"Si mkopo, bibi. Hairudishwi. Lakini si sadaka pia. Mama Tembo atatoa karai la chuma, kubwa, familia nzima ya ngiri inaweza kuoga humo. Maji ya miwa ya shamba zima mtayachemsha kwa mkupuo mmoja. Yeye atatoa karai. Nyinyi mtatoa mafiga."

Hata kifaranga mdogo kabisa alijua kwamba chungu kikubwa kinataka mafiga makubwa.

Najua mnataka kuuliza. Tembo ana nguvu, kwa nini asilete na mafiga? Hata mimi niliuliza nilipokuwa na umri wenu, nikapigwa jicho. Sababu ni hii. Zamani Mama Tembo alikuwa anatoa vyote. Alikwenda bonde la pili akaweka mafiga, akainjika karai, akawasha na moto. Akaambiwa ahsante, ahsante, ngoma zikapigwa. Aliporudi alikuta karai limetoboka, bata wanalitumia kulalia. Akauliza, "Mbona hamkuliziba?" Wakamjibu, "Tulikuwa tunakusubiri wewe, si karai lako?" Tangu siku hiyo akaapa hatoi kitu mahali ambapo wenyewe hawajatoa jasho.

"Tuna muda gani?" akauliza Mama Kobe.

"Mpaka miwa itoe maua. Ikichanua kabla hamjapata mafiga, karai litakwenda bonde jingine." Pru! Korongo akaruka, akaenda zake.

Wakaanza kazi siku hiyo hiyo. Wakaokota mawe madogo, wakayapanga moja juu ya jingine, wakayashikiza kwa udongo. Walipomaliza, Pimbi akasema, "Tujaribu kwanza." Wakaweka gogo juu yake. Porororo! Mafiga yote chini, na vifaranga wawili wa Bi Kwale wakaponea chupuchupu.

"Tunahitaji mawe matatu ya kweli," akasema Pimbi akijipangusa vumbi. "Mlimani kwangu yapo. Ila hata tukisukuma sisi sote kwa pamoja, jiwe litatucheka."

Mama Kobe akafikiri. "Wakubwa wapo. Nitakwenda kuwaomba. Si majirani?"

Akaenda, taratibu, kama mnavyomjua. Akamkuta Kifaru anasugua pembe yake kwenye kichuguu. Akaeleza yote.

Kifaru akapumua kwa nguvu, fuuu! "Mimi nisukume jiwe kwa ajili ya kwale? Nipate nini?"

"Utakuwa umesaidia jirani, Bwana Kifaru."

"Jirani yangu ni mimi mwenyewe."

Akaenda kwa Nyati. Nyati alikuwa anacheua, hakusimama hata kusalimu. "Kuna posho?"

"Posho hakuna, ndugu yangu."

"Basi na mgongo hakuna."

Akaenda mtoni kwa Kiboko. Kiboko akatoa matundu ya pua tu juu ya maji. "Mimi jua haliniruhusu," akasema, akazama. Bubu-bubu-bubu! Povu tu likabaki.

Mama Kobe akarudi mikono mitupu. Bi Kwale alimtazama usoni akaelewa. Akaenda nyuma ya nyumba, akalia kidogo, akarudi kupepeta mtama wa watoto.

Pimbi aliyaona hayo yote. Na ninyi mtanisikiliza vizuri hapa: Pimbi hakuwa na roho mbaya. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, kwamba akili yake ikishapata njia, haimsubiri mwenzake aseme ndiyo. Hakumwambia Mama Kobe. Hakumwambia mtu. Alitoka mbio mpaka kwa Kifaru.

"Shikamoo, Bwana Kifaru!"

"Marahaba. Nimeshamwambia yule bibi, sibebi."

"Kubeba? Nani kasema ubebe? Mimi nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

Pimbi akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogea. "Wewe unajua desturi yetu. Nyumba mpya ikiwekwa mafiga, aliyeweka figa ndiye anayepewa chakula cha kwanza kitakachoiva. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa fikiri mwenyewe. Figa la chungu cha mboga, chakula chake ni kijiko kimoja. Figa la karai lile, je? Mwenye figa la mbele atakuwa bwana wa karai! Nimesikia wanataka kumpa Nyati."

"Nyati!" Kifaru akachimba ardhi kwa mguu. "Yule mla matope?"

"Ndiyo maana nikakupa pole."

"Pole mpe Nyati! Jiwe liko wapi?"

"Polepole, bwana. Usimwambie mtu. Wivu wa watu unaujua. Njoo kesho asubuhi mlimani, nitakuonyesha lililolegea."

Kutoka hapo Pimbi akaenda kwa Nyati akamwambia habari ile ile, ila aliyetajwa mara hii alikuwa Kiboko. Kwa Kiboko akamtaja Kifaru. Nyati alipangiwa mchana. Kiboko aliambiwa aje alasiri, wingu litakapotanda.

Asubuhi ikafika. Kifaru akasimama nyuma ya jiwe kubwa, Pimbi juu yake akielekeza. "Hapo! Weka bega! Moja, mbili..."

Gudu. Gudu. Gudugudugudugudu! Jiwe likashuka mlima likivunja vichaka, Kifaru nyuma yake akishangilia, mpaka chini kwenye uwanja wa Tusichoke. Tiii! Likatua.

"Umeona nguvu?" Kifaru akahema. "Na mtu asiliguse."

"Nani aguse? Nenda ukapumzike, bwana."

Mchana Nyati naye akaporomosha lake. Gudugudugudu, tiii! Akasimama, akalitazama lile la kwanza kwa jicho baya. "Na hili lililokuwepo ni la nani?"

"Hilo?" Pimbi akacheka. "Hilo ni la kukalia wageni."

Alasiri, wingu lilipotanda, Kiboko akashusha lake, akilalamika njia nzima kwamba mlima una miiba na ngozi yake si ngozi ya kuchezea. "Haya mawe mawili hapa ni ya nini?"

"Bi Kwale anaanikia nguo."

"Mawe makubwa hivi?"

"Ana watoto wengi."

Kiboko akaridhika, akarudi kwenye maji yake.

Wadogo waliporudi kutoka mashambani, walikuta mafiga matatu yamekaa uwanjani, makubwa, yametulia. Wakashika vichwa. Mama Kobe akalizunguka kila moja, tena na tena. "Pimbi," akasema, "mawe haya yamekujaje?"

"Wakubwa wamebadili mawazo, mama."

"Wote watatu? Kwa siku moja?"

"Huruma ikiingia, inaingia."

Mama Kobe hakuuliza tena. Alitaka kuamini, na anayetaka kuamini haulizi sana. Habari ikapelekwa kwa Korongo, na Korongo akarudisha jibu: Mama Tembo anakuja na karai.

Usiku wa kuamkia siku ya kuja kwake, wakakubaliana kwamba miwa ya kwanza kuchemshwa iwe ya Bi Kwale. Akaifyeka yote, shamba likabaki wazi, wote wakamsaidia kukamua. Kufikia asubuhi mitungi ilikuwa imejaa imepangwa kivulini. Msimu mzima wa Bi Kwale ulikuwa ndani ya mitungi ile, na jua lilikuwa linapanda.

Mara wakasikia ardhi inatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Mama Tembo huyo anakuja, karai mgongoni, linametameta. Korongo mbele yake anatembea kwa madaha. Vigelegele, nderemo, vumbi! Na kelele zile zikawatoa wakubwa kwao. Kifaru akaja, kwa sababu ni siku yake ya kuwa bwana. Nyati akaja kwa sababu hiyo hiyo. Kiboko akaja amejipaka tope mwili mzima kujikinga na jua, maana kwa ubwana mtu huvumilia mengi.

Korongo akayazunguka mafiga. Akayagonga kwa mdomo, ko, ko, ko. "Mafiga mazuri. Ni ya nani?"

Mama Kobe akafungua mdomo. Alichelewa, kama kawaida yake.

"Langu!" akasema Kifaru.

"Langu!" akasema Nyati.

"Langu!" akasema Kiboko.

Wakatazamana.

"Lako lipi, wewe mla matope? Jiwe la mbele ni langu!" akafoka Kifaru.

"Lako? Hili nililiporomosha mimi! Lako ndilo la kukalia wageni!" akasema Nyati.

"Nyote nyamazeni, hayo ni ya kuanikia nguo!" akasema Kiboko.

Ee! Zogo likapanda. Pembe zikainama, vumbi likaruka, vifaranga wakajificha chini ya mama yao. Mama Tembo alisimama na karai lake mgongoni. Alisikiliza mpaka akatosheka. Kisha akageuka.

"Korongo, twende. Nilialikwa na ushirika, nimekuta mafiga matatu na mabwana watatu."

"Mama!" Bi Kwale akapiga kelele. "Mama, miwa yangu nimeshaikamua!"

Mama Tembo akasimama, lakini hakugeuka. Naye moyo ulimuuma, nawaambieni. Tembo si jiwe. Lakini alikuwa amekwisha kuona bata wamelala karaini, na hakutaka kuona tena.

Ndipo Kifaru akamgeukia Pimbi. "Wewe! Uliniambia nitakuwa bwana wa karai!"

"Na mimi aliniambia!"

"Na mimi!"

Pimbi akatafuta ufa wa kujificha. Nyufa zote zilikuwa mlimani, mbali. Akaruka juu ya figa moja, akasimama hapo, moyo ukimdunda, dup dup dup.

"Kumbe ndivyo mawe yalivyokuja," akasema Mama Kobe.

"Ndivyo, mama."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngekataa."

"Ndiyo, tungekataa," akasema Mama Kobe. Hakufoka, na Pimbi akainamisha kichwa zaidi kuliko kama angefokewa.

Lakini Pimbi ni Pimbi. Akakohoa. "Wakubwa zangu, nimewadanganya, na kosa ni langu. Sina haki ya kuzuia mali ya mtu. Kila mmoja na achukue jiwe lake, alirudishe alikolitoa. Kisha mje mnikanyage."

"Sawasawa!" akasema Kifaru. "Na nikirudi nakuanzia mkia!" Akakumbuka Pimbi hana mkia, akazidi kukasirika.

Akaweka bega kwenye jiwe lake. Hiii! Likasogea. Akalifikisha chini ya mlima, akaanza kupanda. Gu... du. Gu... du. Miguu ikatetemeka. Gudugudugudu, tiii! Jiwe likarudi chini, yeye akaruka pembeni kwa bahati.

Nyati akaja na lake. Likapanda kidogo kuliko la Kifaru, likarudi. Kiboko akaja na lake, tope limekauka mgongoni linambanduka, jua linamchoma, anapiga mayowe kwa kila hatua. Likarudi pia. Mnaona ninyi, kushuka kila mtu hodari. Pimbi, mwenyeji wa mlima, alilijua hilo tangu mwanzo.

Wakajaribu tena. Wakajaribu tena. Mwisho Kiboko akasimama, pumzi zimemwishia. "Nyati, ndugu yangu. Njoo unisukumie kidogo tu, hapo kwenye mwinuko."

Nyati akamjibu bila kufikiri, "Nikusukumie jiwe lako? Nipate nini?"

Neno lile likaanguka katikati ya uwanja. Mama Kobe alilitambua. Kifaru naye alilitambua, maana alikuwa amelitoa yeye mwenyewe mdomoni mwake siku ile kwenye kichuguu. Wakakaa chini pale pale, kila mmoja amegemea jiwe lake, ndimi nje.

Pimbi alikuwa amepanga mpaka hapo. Alikuwa ameandaa na maneno mazuri ya kuwabembeleza, yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini lililofuata hakulipanga.

Bi Kwale aliinuka kutoka kwenye mitungi yake. Akachota kata ya maji ya miwa, akaibeba kwa shida mpaka kwa Kiboko, akaiweka mbele yake.

"Kunywa."

Kiboko akamtazama. Kisha akanywa, gubu gubu gubu. Bi Kwale akarudi, akachota nyingine, akampelekea Nyati. Akachota ya tatu, akampelekea Kifaru.

Kifaru hakunywa. "Mbona unanipa mimi? Mimi nilikataa kukusaidia."

"Najua ulikataa."

"Na leo tumekuharibia."

"Mmeniharibia kweli," akasema Bi Kwale. "Sijui watoto wangu watakula nini mwaka huu. Lakini maji haya jioni yatakuwa yamechacha, nitayamwaga. Kila mwaka ninayamwaga. Afadhali leo yaingie kwenye tumbo la mwenye kiu. Kunywa, bwana, yasije yakaharibika."

Kifaru akainamisha kichwa kile kizito, akanywa. Alikunywa taratibu sana kwa mnyama mkubwa vile. Alipomaliza alikaa akiitazama ile mitungi kivulini. Povu lilikuwa limeanza kuonekana kwenye midomo ya mitungi hiyo.

Akainuka. Akaweka bega kwenye jiwe lake, lakini hakulielekeza mlimani. Alilisukuma kurudi uwanjani, mahali lilipokuwa. Njia hiyo ilikuwa mteremko, likaenda bila taabu. Akageuka, akaona la Kiboko limekwama kwenye shimo, na Kiboko amelala hoi. Kifaru akasimama kidogo, akapumua, fuuu! Akaenda akalisukuma na hilo.

"We Kifaru!" akaita Nyati. "Hilo si lako!"

"Nimeona," akasema Kifaru. "Njoo ushike upande huu."

Nyati akaguna, akaguna tena. Akaja.

Mafiga yalipokaa sawa, Korongo akayakaribia tena. Akayagonga kwa mdomo, ko, ko, ko, kama vile hakuwahi kuyaona. Mama Tembo alikuwa amegeuka sasa, masikio yamesimama.

"Nauliza," akasema Korongo. "Mafiga haya ni ya nani?"

Watatu wakatazamana tena.

"Mimi nilileta tu," akasema Kifaru.

"Na mimi nilileta," akasema Nyati, akitazama chini.

"Na mimi," akasema Kiboko. "Tena juani!"

Mama Kobe akatoa shingo yake yote nje. Safari hii hakuchelewa. "Yameletwa, Bwana Korongo. Sasa ni ya Tusichoke. Na aliyeleta, kama anataka kukaa nasi, ataingia kama tulivyoingia sisi, kwa jasho lake. Na neno lake kikaoni litakuwa moja, kama la kwale."

"Moja?" akauliza Kiboko. "Na ukubwa wangu huu?"

"Moja," akasema Kifaru, na kwa kuwa ni Kifaru aliyesema, mjadala ukaisha.

Mama Tembo akainama. Akaliteremsha karai kwa mkonga, polepole, likakaa juu ya mafiga matatu. Ngwaaaa! Halikuyumba. Wakamimina mitungi yote. Moto ukawashwa, kuni zikalia, ta, ta, ta, na maji ya Bi Kwale yakaanza kucheka karaini.

Na Pimbi? Mlidhani ameponyoka? Mama Kobe alimwita. "Wewe umetusaidia, ahsante. Na umetudanganya, sisi na wao. Utasimama upande wa moshi, utoe povu mpaka sukari iive. Na utakula wa mwisho."

Pimbi akasimama kwenye moshi akitoa povu, macho yamemwiva, machozi yanamtiririka. Hakusema neno, na hiyo kwa Pimbi ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, wanangu. Bila uongo wa Pimbi mawe yangebaki mlimani, hilo siwezi kulikataa. Lakini uongo ule uliyaleta mawe tu. Uliwaacha wenyewe wametengana kama walivyokuwa, na karai lilikuwa limeshageuza njia. Lililorudisha karai ni kata ya maji kutoka kwa mtu aliyekuwa amepoteza kila kitu. Hata sasa sijui niseme Pimbi alifanya vema au vibaya. Mtakapokua mtaniambia.

Sukari ikaiva, ikamiminwa, ikaganda. Desturi inasema chakula cha kwanza ni cha aliyeweka figa, na Bi Kwale alikuwa mtu wa desturi. Akavunja kipande akampa Kifaru, akavunja akampa Nyati, akavunja akampa Kiboko. Kisha akavunja kingine, akakibeba mpaka kwenye moshi, akakitia mkononi mwa Pimbi wakati Mama Kobe anatazama kwingine. Nadhani alitazama kwingine makusudi.

Jioni ilipoingia, sisimizi wakaja kwa mstari kama walivyozoea kila msimu. Wakafika nyuma ya nyumba ya Bi Kwale, pale maji yalipokuwa yakimwagwa. Wakazunguka, wakanusa mchanga. Ulikuwa mkavu. Wakazunguka tena, wakarudi kwao na njaa yao, na Bi Kwale alisimama mlangoni akiwatazama wakienda, watoto wake nyuma yake wakilambana vidole.

Mwenye kutaka ruzuku na aanze kwa kuungana, kwa maana jifya moja, yaani figa moja, haliinjiki chungu.

Hadithi yangu imeiva, nimeiepua. Wewe uliyekuwa unamfinya mwenzako, njoo uchukue sukari yako, na umgawie na yeye.